Mkate wa Jioni

Mzee mmoja alikuwa mwoka mikate tangu hajaota ndevu. Kusoma hakujua, ila unga aliujua kwa kuugusa. Kila alfajiri, jogoo wakijinyoosha, mikono yake ilikuwa tayari ndani ya karai. Mkewe akiwasha tanuri, yeye akikanda. Ndivyo walivyozeeka.

Kisha mkewe akafa.

Mzee akafunga tanuri, akahamia kwa binti yake, nyumba ya vyumba viwili, orofa ya tatu. Akakaa kwenye kiti karibu na dirisha. Akiitwa, anaitika. Akiandaliwa, anakula. Basi.

Alfajiri ndiyo iliyomshinda. Mwili uliozoea kuamka haujui kuna msiba. Anaamka, ananyoosha mkono, upande wa pili wa kitanda ni baridi. Hapo tena usingizi haurudi.

Siku moja, saa hiyo hiyo mbaya, akainuka akaenda jikoni. Unga wa binti aliukuta kabatini. Hamira alikuwa nayo begini. Wengine husafiri na picha, yeye alisafiri na kopo la hamira. Donge likafura. Binti akaamshwa na harufu, akala mkate wa moto amesimama, siagi ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akakata kipande cha pili. Kesho yake mzee alikanda tena, na safari hii akiimba puani.

Huyu binti, marehemu mama yake alimwita Dadisi. Mtoto hapiti mahali bila kuuliza. Akaenda shule, akaenda nyingine, akazidi kwenda, mpaka baba akaacha kuuliza ni darasa la ngapi. Sasa alikuwa mtafiti kwenye maabara iliyo nyuma ya hospitali kubwa. Kazi yake alimweleza baba asubuhi, mdomo umejaa mkate.

Wakunga walimpatia damu ya kitovu, kidogo tu, ile ambayo mama aliyejifungua ameridhia itumike badala ya kutupwa. Ndani yake mna chembe hai changa ambazo bado hazijui zitakuwa nini ukubwani. Binti alizilea kwenye visahani, akizibadilishia maji ya chakula, wiki baada ya wiki, mpaka baadhi zikakomaa na kuwa askari wa mwili, wale wanaopambana na ugonjwa. Hapo ndipo huwaletea kirusi, aone nani atasimama na nani atakimbia.

"Kumbe wewe ni mwalimu wa askari," mzee akamwambia.

"Ndiyo, baba. Na wengi wanafeli."

"Wasione haya. Mimi hata shule sikwenda."

Mambo yakaenda hivyo, mpaka visahani vikaanza kuchafuka. Maji yaliyokuwa safi yakawa kama yaliyooshewa mchele. Chembe zote zikafa. Binti akaanza upya, nazo zikafa. Jioni ile alirudi mabega yameshuka. Mkuu wake alimwambia damu iliyobaki inatosha kulea mara moja tu. Hizo nazo zikifa, utafiti unafungwa, na miaka yake yote imekwenda na maji. Mzee alimpa pole. Alichokuwa nacho zaidi ya pole ni mkate, na kesho yake akauongezea maziwa.

Binti hakuula. Alisema amechelewa. Siku iliyofuata akasema tumbo limejaa. Kisha mzee akaona nguo za binti za kazini hazipo tena chumbani. Jioni binti akawa ananukia sabuni kama mtu aliyetoka kuoga mahali pengine. Mwishowe fundi cherehani, jirani wa mlango wa mbele, mwanamke asiyekalia habari, akamvuta mzee pembeni. Akamwambia binti yake kila asubuhi anakuja kwake kuoga na kubadilisha nguo, na ameapishwa asiseme.

Mzee akajumlisha. Mkate hali tena, anaoga ovyo, nguo anazificha. Akaona jambo ni moja tu.

"Mama," akamwambia binti jioni, amejikohoza vya kutosha, "kama yupo, mlete nimwone. Siku hizi siumi. Meno yenyewe yamebaki ya kuhesabika."

"Nani, baba?"

"Huyo mchumba."

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Akacheka tena. Kisha kile kicheko kikageuka, akajipangusa macho kwa kanga.

"Baba, kilichoua chembe zangu ni hamira."

Akamweleza polepole. Ameitazama kwenye hadubini, inachipua na kuchipua kama viazi vilivyosahauliwa. Dawa wanazotia visahanini huzuia bakteria, hamira haziigusi. Mle maabarani wamesugua kila kitu, kisha asubuhi ile ya mkate wa maziwa akaona kitambaa chake cha kichwa, kile anachokitundika nyuma ya mlango wa jikoni, kimekuwa cheupe kwa unga. Na hicho ndicho anachokifunga akiinamia visahani.

Mzee akaitazama mikono yake.

"Yaani mimi ndiye niliyewamaliza askari wako?"

"Si wewe. Ni kitambaa, na aliyekitundika ni mimi."

Mzee akainuka. Akachukua kopo lake la hamira, akaelekea kwenye pipa la taka. Binti akawahi, akasimama mlangoni.

"Weka chini, baba. Chembe nikizikosa, nitalia, nitanyamaza. Wewe ukirudi kwenye kile kiti, mimi nitafanya nini?"

Mzee akasimama na kopo lake. Miezi yote ile alidhani amejificha vizuri, kumbe alikuwa akionekana. Akaliweka kopo chini.

"Basi nitakanda ukishaondoka," akasema. "Utakula jioni."

Kwa mtu mwingine hilo ni neno dogo. Kwa mwoka mikate ni kuhama dini. Fundi cherehani aliposikia alimwambia jogoo anayewika adhuhuri huchinjwa. Mzee akamjibu achinje tu, nyama yenyewe ngumu, atamaliza kuni zake.

Nguo za binti zikabaki kwa jirani. Jikoni mzee alikanda mlango umefungwa, akimaliza anapiga deki, anapangusa hadi vitasa. Lakini alfajiri ilikuwa palepale. Siku ya kwanza binti alimkuta amekaa gizani, mikono juu ya magoti, haina kazi.

"Nisindikize," binti akasema.

Ikawa desturi yao. Walitembea taratibu hadi kwenye geti la maabara, na njiani, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, walimzungumzia mama. Jinsi alivyokuwa akiiba kona ya mkate na kumsingizia panya. Mlinzi wa geti, kijana mwenye maneno, alikwishapewa kisa chote. Alimbatiza mzee jina la Mzee Hamira, akachora mstari chini kwa kisigino. "Mwisho hapa, mzee. Ukivuka, askari wanakufa."

Binti akailea ile damu ya mwisho, na maji yakakaa safi. Wiki ikapita, nyingine ikapita, bado safi. Kisha binti akasema leo ndiyo leo, wamewaletea askari kirusi, na majibu yatachukua muda.

Siku ya majibu mzee alivumilia hadi adhuhuri, akashindwa. Akatoka mbio na unga mpaka kwenye nyusi. Binti akaja getini, uso wake umekwishasema kila kitu.

"Wamesimama, baba. Si wote. Lakini sasa tunaona ni wepi, na tutajua kwa nini."

Akataka kumkumbatia. Mzee akarudi nyuma.

"Usinisogelee, nimejaa unga!"

Mlinzi ikabidi awe tarishi, akabeba simu ya binti hadi mkononi mwa mzee. Pichani mlikuwa na vitone, vingi, na waliosimama wamewaka rangi ya kijani. Mlinzi akachungulia akasema mbona kama ufuta. Mzee akamwambia anyamaze, hao ni watoto wa shule.

Binti akasema jioni watakuja wote nyumbani, mkuu wake na wenzake, wanautaka huo mkate uliowatesa.

"Waje," mzee akasema, akigeuka kuliwahi donge lake. "Ila kesho asubuhi, mtu asiingie kazini hajaoga."