Kona Mbili za Nyumba ya Idi

Idi ni fundi wa kona. Mafundi wengine wa mtaa wetu wa Mutakura hujenga kuta, hupiga lipu na kuondoka. Yeye huitwa baada yao. Huongeza tabaka la simenti kwenye pembe za nyumba, kutoka chini hadi karibu na mabati, kisha hulikata likiwa bado bichi mpaka lionekane kama mawe yaliyopangwa: moja refu, moja fupi, refu tena. Nyumba nyingi za Mutanga Nord zina mawe yake, na mpita njia hawezi kujua kwamba ndani ni matofali tu.

Zamani wateja walichagua aina ya mawe kwenye picha za simu. Lakini picha haioneshi unene. Mtu alichagua jiwe bapa, na lilipokauka akasema alitaka lililotuna. Baada ya kubomoa kazi mara kadhaa, Idi alianza jambo ambalo sijaliona kwa fundi mwingine: kila aina mpya huifanyia kwanza jiwe moja kwenye pembe ya kulia ya nyumba yake mwenyewe. Mteja huja, hulishika kwa mkono, huamua. Ndiyo maana pembe ile haina mawe mawili yanayofanana. Liko lililochanwa kwa kitana kilichovunjika, liko lililogongwagongwa kama limetoka mtoni, liko lenye nyota katikati, na liko moja la rangi ya waridi alilolitaka mwenye baa fulani, ambalo hakuna aliyelichagua tena.

Pembe ya kushoto ilikuwa lipu tupu.

Mkewe, Sumaya, aliizoea hali hiyo hadi binti yao Assia alipoposwa na kijana wa Ngagara. Siku ya wakwe kuja nyumbani ilipopangwa, alisema yaliyokuwa moyoni. Mimi ninakaa ng'ambo ya barabara, na Sumaya hasemi kwa sauti ndogo.

"Baba Assia, watu wanakuja kuangalia kwenye mutoto anatoka. Wataona hii kona, watasema sisi ni watu wenye hawamalizi kitu."

"Hiyo kona njo inakulisha."

"Najua. Inanilisha na inanipatisha haya."

"Basi tuivalishe kitenge."

"Cheka tu. Zubeda hatacheka."

Zubeda ni shangazi wa yule kijana. Anauza vitambaa sokoni, na wanaomfahamu wanachagua maneno mbele yake. Sumaya alijua kwamba lolote atakaloliona Zubeda kwenye nyumba hii, Assia ataambiwa kila siku huko atakakoolewa.

Idi hakutaka kuivunja kona ya kulia. Alifikiri, kisha akatoa njia ya katikati. Wageni wangekuja kutoka upande wa lami, kwa hiyo wangeona kwanza pembe ya kushoto. Hiyo angeipamba yote kwa mawe ya aina moja, na ile ya kulia wangeifunika kwa turubai la shughuli.

"Chagua," akamwambia mkewe.

Sumaya akaenda kwenye pembe ya kulia kama mteja, akapitisha kidole juu ya mawe moja baada ya jingine. Akachagua la chini kabisa, lisilo na pambo ila mstari mwembamba pembeni. Lilikuwa la kwanza ambalo Idi alilitengeneza pale, na simenti yake aliichanganya Sumaya mwenyewe.

Kwa siku kadhaa Idi alirudi kutoka kazini na kuanza kazi nyingine. Kona ilitoka safi. Majirani waliisifu, na Sumaya akawa anaifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji.

Siku ilipofika, barabara ya upande wa lami ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mabomba. Magari yakazunguka nyuma na kusimama upande wa kulia. Wanawake wakashuka, Zubeda mbele. Alipoona turubai alidhani ndipo pa kuingilia, akalinyanyua.

Akaiangalia kona kuanzia juu hadi chini.

"Huyu fundi," akasema, "alikuwa anajifunza? Ama walikuwa wengi na hawasikilizani?"

Wenzake wakacheka. Sumaya alikuwa amefika, mikono tayari kwa salamu. Baadaye alimwambia mke wangu kwamba alikuwa na jibu lililoandaliwa: fundi atarudi wiki ijayo kumalizia. Lakini Assia alikuwa nyuma yake, anasikia. Sumaya akaliacha jibu hilo, akasema:

"Ni mutu moja, shangazi. Ni bwana yangu. Kila jiwe hapa ni nyumba ya mutu."

"Nyumba gani?"

"Hii ya kitana ni ya Madamu Lisette, Mutanga Nord, kwenye mulango ya kijani. Hii ya nyota, mwenyewe alitoka Hija. Watu wanakuja hapa, wanashika, wanachagua."

Zubeda akashika, kama anavyoshika kitambaa sokoni, kwa kidole gumba.

"Na hii ya waridi?"

"Hiyo, shangazi, usiniulize. Ni ya baa."

"Hiyo baa naijua. Kaka yangu alikuwa anapotelea mule."

Kaka yake, baba wa bwana arusi, alikuwa anashuka kwenye gari la pili. Akajifanya anatafuta kiatu. Safari hii Sumaya naye alicheka.

Muda wote huo Idi alikuwa amesimama na kanzu yake mpya karibu na kona ya kushoto, akiwangojea wageni mahali ambapo hakuna aliyekuja. Sumaya akamwita.

"Baba Assia, kuja huku. Shangazi anataka kujua hii ya nyota unaikata na nini."

Akaja. Wakati anaeleza, Sumaya aliwaambia vijana walifungue turubai na kulifunga upande wa pili, kwamba jua liko huko. Walilifunga vizuri, na likaifunika kona mpya yote.