Tak-tak ya Wiki ya Harusi

Gari letu lilianza kulia Jumatatu asubuhi, wiki ile ile binti yetu aliyokuwa anaolewa. Tak-tak-tak-tak, haraka haraka, kama mtu anayegonga kijiko kwenye sufuria tupu. Jana yake tu tulikwenda nalo misa na halikuwa na neno. Sasa hii imetoka wapi? Nilikuwa nimekaa kando ya mume wangu, tunaelekea soko la Tshopo kuagiza makemba, zile ndizi za kupika, kwa ajili ya sherehe. Nikatazama boneti, nikamtazama yeye. Anaendesha tu, tena anapiga mluzi.

"Papa, na ile kelele?"

Akaendelea na mluzi wake. Nikamgusa bega.

"Kelele gani?"

"Ya moteur! Weye hauisikie?" Nikamwonyesha boneti.

"Gari iko muzuri!" akasema, kwa sauti iliyofanya mama mmoja muuza samaki ageuke kututazama.

Sikiliza, gari lile si gari la kuchezea. Ni la Kijerumani, la zamani, taa zake mviringo, na alilinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ndilo lililonipeleka kanisani siku ya ndoa yangu. Na tangu binti yetu alipokuwa bado ananyonya kidole, baba yake alimwahidi kwamba atampeleka kwa mume kwa gari hilo hilo, akiendesha yeye mwenyewe. Shemeji yangu alijitolea kutuazima jeep mpya kabisa, yenye hewa ya baridi. Mume wangu alikataa, akakasirika, wakanuniana. Kwa hiyo mjini kila mtu wetu alijua: Jumamosi, gari la papa au aibu.

Mimi ni mtu wa Butembo. Kwetu ni watu wa duka, watu wa kuongea chini chini ili mteja wa pili asisikie bei ya wa kwanza. Yeye ni mtoto wa wavuvi wa pale kwenye maporomoko ya mto, ambako maji yananguruma mchana na usiku. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilidhani wanagombana kutwa. Mtu anaomba chumvi unadhani nyumba inaungua! Sauti ikishindwa na maji, wanatumia mikono. Nyumbani kwao, kiganja kikigeuzwa chini, mtego ni mtupu. Ngumi mbili zikiunganishwa kifuani, mtego umejaa, njooni. Nilijifunza. Nikazoea pia kusema jambo moja mara mbili tatu, maana kwao wote ndivyo wanavyoishi.

Jumanne, tak-tak. Jumatano, tak-tak. Na yeye: gari iko muzuri. Nilianza kujiuliza kama kichwa changu ndicho kinachogonga. Harusi inaweza kumfanya mama wa bibi harusi asikie mengi. Nikakaa peke yangu ndani ya gari, injini inawaka, nikaziba masikio, nikayazibua. Kelele ipo. Nikaziba tena. Haipo. Basi iko nje yangu, Mungu asifiwe. Lakini nikipiga hatua kuelekea nyumbani, mashaka yananirudia.

Jioni binti yetu akaniuliza, "Mama, gari ya papa iko na nini? Inaliaka vibaya."

Badala ya kushusha pumzi, nilichanganyikiwa zaidi. Kama mtoto anasikia na mimi nasikia, huyu mume wangu, aliyekuwa akisikia nati iliyolegea kabla haijalegea, ananidanganya kwa nini? Anaogopa kulipeleka kwa fundi? Anaona haya mbele ya shemeji? Usiku ule sikuongea naye. Na yeye hata hakutambua kwamba sikuongea naye, jambo lililonikasirisha maradufu.

Alhamisi nikamwita fundi mwenyewe, yule anayetengeneza magari kando ya barabara ya kwenda barrage, kwenye bwawa la umeme. Aliinama, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Iko supape, mama."

Supape ni vile vyuma vinavyofungua na kufunga njia, hewa iingie, moshi utoke. Akafungua kifuniko cha injini, akapitisha vile vibamba vyake vyembamba kupima nafasi ya kila supape, moja baada ya nyingine. Nafasi zote sawa. Akafunga, akawasha. Tak-tak. Akabadilisha mafuta ya injini. Tak-tak, tena kwa furaha. Akachukua turnevis, bisibisi ile ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini sikioni, kama mafundi wafanyavyo ili chuma kiwaletee sauti. Lakini barabarani pikipiki hazikatiki, honi juu ya honi. Akasema ni silinda ya pili. Akahama, akasema hapana, ni ya nne. Akarudi kwa ya kwanza.

"Kila nikisikiliza, iko fasi ingine," akasema. Naye sasa alikuwa amepotea kama mimi. "Lakini mama, mukitembea nayo vile, supape ikianguka ndani, moteur imekufa. Samedi musiiguse." Yaani Jumamosi, siku yenyewe ya harusi!

Ndipo mume wangu alipofika. Kumkuta fundi kifuani mwa gari lake! Mama yangu wee.

"Munatafuta nini humo? Nani amekuita?"

"Papa, inalia!"

"Hakuna kitu inalia!" Akampokonya fundi turnevis, akaweka mpini sikioni, akasikiliza kwa uso wa hakimu. "Zéro! Mujifunze kazi kwanza!"

Fundi alinitazama. Mimi nilitazama chini. Tak-tak ilikuwa pale katikati yetu, inasikika hadi ng'ambo ya barabara, na mume wangu anaapa kwamba haipo. Bado sikuelewa, haki ya Mungu. Niliona ni ukaidi tu.

Akataka kutuonyesha. Mkono mmoja akashikilia boneti, maana fimbo yake ilivunjika zamani, wa pili akavuta waya wa gesi, ule wa kuongeza mafuta, ili injini ingurume. Turnevis hakuiachia. Aliibana kwa meno, kama wanavyobana kisu kwao wakizamia kukagua mitego. Alipoinama, ncha ikagusa injini.

Akaganda.

"Iko," akasema. Alikuwa bado amekibana kile chuma, neno likatoka limepinda.

Akaisogeza ncha taratibu, mate yanamdondoka kidevuni, macho ameyafumba. Pikipiki zilipita, honi zikalia, yeye hazikumhusu. Akasimama mahali pamoja. "Hapa. Ya tatu."

Fundi akafungua tena, akachunguza ya tatu kwa tochi. Zile supape zina springi mbili, ndogo ndani ya kubwa. Kubwa ilikuwa nzima, ikificha ile ndogo, na ndogo ilikuwa imekatika vipande viwili. Ndiyo maana vipimo vyote vilikuwa sawa. Ingevunjika na kubwa, supape ingeanguka ndani, na sisi tungesimama juu ya daraja la Tshopo na shela letu jeupe.

Fundi alipiga kelele za furaha. Mimi pia. Kwake kulikuwa na injini iliyokufa ya aina ile ile, springi ingetoka huko. Lakini mume wangu hakushangilia. Alimwomba fundi awashe tena. Akaweka mpini sikioni. Akauhamishia meno. Akajaribu sikio la pili. Akarudia meno. Kwenye meno tak-tak ilimfikia kupitia mfupa, masikioni haikumfikia. Hapo ndipo nilipomtazama usoni, nikakumbuka masikio yake yanayotoa usaha kila msimu wa mvua tangu miaka ya kuzamia, ambayo muuguzi alikwisha kumgombeza kwa kutoyatibu. Nikakumbuka mluzi wake ule wa Jumatatu.

"Mama," akasema, "tangu lini?"

"Sijui, papa," nikajibu.

Hakunisikia. Niliogopa siku ile kuliko niliposikia habari ya supape.

Jumamosi gari lilikwenda kimya kabisa. Aliendesha mwenyewe, suti imembana, binti yake nyuma, na msafara mzima unapiga honi nyuma yetu. Hakugeuka hata mara moja. Nilikuwa kando yake, mkono wangu juu ya goti lake.

Kanisani padri aliuliza swali lake. Binti yetu amerithi sauti ya kwetu Butembo, ile ya dukani, na shela lilikuwa bado limemfunika uso. Akajibu. Niliona mume wangu ananyoosha shingo, anatafuta midomo ya mtoto wake nyuma ya kitambaa, haioni. Akanigeukia. Macho yake yaliniuliza, na nilijua hata nikimnong'oneza ni bure.

Nikaunganisha ngumi zangu mbili kifuani.

Alizitazama. Machozi yakamtoka, akajibu kwa sauti yake ile ile ya maporomoko, hata padri akanyamaza:

"Merci, mama!"