Baadhi ya Walimu

Katika shule yetu ndogo, kata ya Keza, tulikuwa na daftari la matangazo. Kwa asiyewahi kufundisha nieleze kidogo. Mwalimu mkuu anaandika tangazo, analiacha daftari mezani ofisini, na kila mwalimu anasoma na kutia sahihi. Baadaye hakuna wa kusema hakuambiwa.

Mwalimu mkuu nilikuwa mimi, na nililipenda lile daftari. Nyumbani nilikuzwa kutomwambia mtu mzima kosa lake usoni. Kwa hiyo nikiona kosa la mmoja, niliandika, "Baadhi ya walimu." Niliona ndiyo heshima.

Tulikuwa walimu sita. Kila mtu alijua baadhi ni nani.

"Shikamoo, Baadhi!" mwalimu wa hisabati alizoea kumsalimu aliyelengwa na tangazo, kwenye chai ya saa nne.

"Marahaba. Kula muhogo wako, kesho zamu yako."

Tulicheka. Mimi pia nilicheka, nikadhani ofisi yenye kicheko ni ofisi yenye afya.

Darasa la kwanza alilishika mwalimu kijana kutoka Biharamulo, binti wa Wasukuma waliohamia huko na ng'ombe wao. Watoto wanaoanza shule kwetu wengi wanajua Kihangaza tu. Alijifunza kutoka kwao, neno kwa neno, akikubali wamcheke. Mwaka wa pili aliweza kueleza hesabu kwa Kihangaza kwanza, kisha kwa Kiswahili, na watoto wake walisoma sentensi nzima kabla ya likizo ya Juni. Hakuna mwingine aliyelitaka darasa lile. Mtu niliyeogopa kumpoteza alikuwa huyo.

Alipanga chumba ng'ambo ya bonde. Wakati wa masika alifika ameshika viatu mkononi, akanawa miguu kwenye tangi la maji, kisha akaingia darasani robo saa baada ya kengele. Nilimwona kila asubuhi kupitia dirisha la ofisi. Nikaandika, "Baadhi ya walimu wanachelewa. Wajirekebishe."

Alitia sahihi.

"Shikamoo, Baadhi!" alisema wa hisabati.

Yeye alimenya muhogo wake polepole, akala. Wiki iliyofuata niliandika tena maneno yaleyale, kwa kalamu nyekundu. Akatia sahihi tena.

Muhula ulipokaribia kwisha alileta barua ya kuomba uhamisho kwenda Biharamulo, niipitishe. Nilijiambia anataka kuwa karibu na kwao. Sikumuuliza. Kwenye maoni yangu niliandika kwamba ni mwalimu hodari na sina wa kuziba pengo lake. Niligonga muhuri, nikafunga bahasha kwa gundi, akaipeleka mwenyewe bila kujua kilichomo.

Uhamisho ulikubaliwa mwishoni mwa mwaka. Siku ya makabidhiano aliweka mezani rejesta ya darasa, boksi la chaki na kifimbo cha kuonyeshea herufi.

"Wazazi watafurahi kukuona karibu," nilimwambia.

"Sikuomba kwa sababu ya wazazi, Mkuu. Ni lile bonde. Ningepata chumba hapa shuleni nisingeondoka."

"Chumba kipo. Kile cha nyuma, kwenye nyumba ya walimu."

"Kile ni stoo. Uliandika mtu asiingie."

Alivuta daftari, akafunua kurasa kurudi nyuma mpaka akalifikia tangazo. Ulikuwa mwandiko wangu. Tulikuwa tumehifadhi humo mahindi ya uji wa wanafunzi, na mahindi yalikwisha kabla yeye hajamaliza mwaka wa kwanza. Tangu hapo mle chumbani mlikuwa na magunia matupu tu.

"Mbona hukuniuliza, Madamu?"

"Ningekuuliza saa ngapi? Ukiniita ofisini, ni kutia sahihi."

"Nilikuandikia maoni mazuri kwenye barua."

"Ulimwandikia nani?"

Ningependa kusema niliumia, lakini kusema kweli sikuhisi kitu. Nilihesabu chaki, nikamwonyesha pa kutia sahihi ya makabidhiano. Alitia. Nje pikipiki ilikuwa imeshafungwa godoro lake.

"Kwaheri, Mkuu."

"Safari njema."

Januari nililishika darasa la kwanza mwenyewe. Kihangaza ni lugha ya mama yangu, lakini sikujua yeye alianzia wapi. Juni ilipofika watoto walikuwa bado kwenye silabi. Mtoto wa dawati la mbele aliniuliza, "Mwarimu wetu harudi?" Nikamwambia asome ubao.

Walimu wakuu wapya wakinijia siku hizi, mimi huwaambia wasiogope, kazi inajifunzika. Nawaambia pia wamwulize kila mwalimu analala wapi na anapita njia gani, na wamwulize wakiwa wamekaa naye. Ni swali la dakika moja. Wananitazama wakidhani kuna kubwa zaidi linakuja. Hakuna.

Chumba nilikifagia. Ufunguo upo kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi, na walimu wote nimewaambia kwa mdomo, mmoja mmoja. Mwalimu mwingine wa darasa la kwanza hatujapata. Asubuhi, kengele ikigongwa, bado natazama kwenye tangi.