Jembe Lisilo la Kulimia

"Mama, na wewe ulilipeleka kwenye ngoro? Hili si la kulimia ngoro. Hili la bustani. La kupalilia maua."

Hayo aliniambia muuzaji wa duka moja la vifaa pale Mbinga mjini, mchana kweupe, mbele ya wateja wake. Mkono mmoja nimeshika bamba la jembe, mwingine nimeshika mpini, na mtoto yuko mgongoni. Jembe lile nililinunua kwake wiki ileile. Jana yake lilikatika shingoni, pale mkia wake unapoingia kwenye mpini, nikiwa nimelinyanyua juu ya kichwa. Bamba likaruka nyuma. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kitenge karibu na rundo la majani, anachezea gunzi, nalo likapita juu ya kichwa chake likaangukia shimoni. Hapo sikukasirika. Niliogopa tu. Nilimkumbatia nikakaa naye chini. Hasira ilinikuta dukani, kwenye neno maua.

"Kaka," nikamwuliza, "Mbinga nzima umemwona nani anapalilia maua kwa jembe?"

Mzee mmoja aliyekuwa anachagua misumari akadakia, "Labda masista kule misheni." Watu wakacheka, na muuzaji naye akacheka nao.

"Mama, bei rahisi unaitaka, ugumu nao unautaka. Soko huria hili. Hakuna aliyekulazimisha."

Nikazungusha macho dukani nitafute jembe la aina nyingine. Yote yalikuwa hayohayo, kama katika maduka mengine ya mji, yamepakwa rangi nyekundu, yamebandikwa karatasi yenye picha ya mkulima anayecheka. Sijui alikuwa anamcheka nani. Nikatoka bila kuaga, na kwa malezi niliyopata mimi, kutoka mahali bila kuaga ni kutukana.

Nilirudi Litembo juu ya magunia ya mbolea, kwenye lori, mtoto amelala. Huko juu ya magunia, huku na huku milima, wanawake wameinama kwenye miteremko kama walivyoinama siku zote, nikamkumbuka bibi yangu mzaa baba, aliyenilea kule Mkumbi.

Kama hujafika kwetu, acha nikueleze. Milima yetu imesimama. Ukilima kama wanavyolima watu wa tambarare, mvua moja tu inakushushia shamba bondeni. Kwa hiyo mwezi wa tatu wanaume wanafyeka majani kwa nyengo, ule mundu wenye mpini mrefu, wanayalaza chini kwa mistari inayokatana mpaka mlima unakuwa kama umewekewa madirisha. Halafu wanawake tunaingia na majembe. Tunachimba katikati ya kila dirisha, udongo tunautupa juu ya majani, tunapanda maharage juu ya matuta hayo. Ukimaliza, mlima wote una mashimo kama sega la nyuki. Hiyo ndiyo ngoro. Maji yanatulia shimoni, majani yanaoza chini ya maharage, na udongo unabaki pale ulipowekwa na Mungu. Ni kazi ya kiuno na ya jembe. Kiuno tunacho.

Utoto wangu ulikuwa na sauti hiyo. Asubuhi za ukungu ulikuwa huwezi kusimama uani ukamwona mtu wa ng'ambo ya bonde, lakini majembe uliyasikia, kila mwanamke na mwendo wake, na Bibi akiwa bado anapuliza moto alikuwa anajua nani ameshaingia shambani na nani amechelewa. "Mke wa mwalimu leo anaumwa mgongo," anasema, na kweli, ukipita mchana unamkuta amekaa. Nyumba ilinuka moshi na maharage yanayochemka kwenye chungu. Kwaresma ilikuwa ndiyo miezi hiyohiyo ya ngoro, kwa hiyo nyama hatukuitamani hata kama ingekuwepo. Tulikula ugali na majani ya maboga, na siku wachuuzi wa ziwani wakipanda mlima na vikapu vya usipa, dagaa wakavu wa huko, nyumba nzima ilinuka ziwa, tukashiba kwa harufu kabla ya chakula kuiva.

Jembe la Bibi lilitoka duka la ushirika la kijiji. Yalikuwa yanatengenezwa hapahapa nchini, na alama ya kiwanda ilipigwa ndani ya chuma chenyewe, hukuweza kuibandua kwa kucha. Majembe yakifika, habari ilitembea kuliko tangazo la Padri. Nakumbuka foleni ya akina mama, na jinsi hakuna aliyechukua jembe bila kulipima. Kila mmoja alikuja na kokoto yake kutoka mtoni. Unaning'iniza jembe kwa kidole, unaligonga, unalisikiliza. Likilia kwa muda mrefu, unalichukua. Likisema ta! likanyamaza, unalirudisha. Fikiria akina mama foleni nzima wakigonga kwa pamoja. Muuzaji wa ushirika alikuwa anaziba masikio.

"Nyie mnanunua majembe au kengele?"

"Kengele anazo Padri," Bibi akamjibu. "Wewe lete lile la chini kabisa, ulilolificha kwa ajili ya mkeo."

Siku nilipomwomba yule kaka wa Mbinga nigonge jembe kabla ya kulipa, unajua alisema nini? "Usiligonge, mama, rangi itatoka."

Sasa jambo ninalotaka ulielewe ni hili. Jembe la Bibi lilikuwa linapungua. Mawe ya kwetu yanakula chuma. Mwaka huu limepoteza ncha, mwaka kesho limepoteza pembe, miaka inapita, bamba lililokuwa pana kama sinia linabaki la mviringo, dogo, jepesi, limeng'aa kama kijiko. Na huku jembe linapungua, ndani ya nyumba kuna msichana anakua. Mpaka siku moja wanalingana. Siku hiyo jembe linakuwa lake. Hakuna msichana wa kwetu aliyenunuliwa jembe la kuanzia. Alipewa lililochoshwa na bibi yake, lenye mpini uliolainishwa na mikono ya bibi yake, na uzito wake ulikuwa sawasawa na nguvu zake.

Mimi nilikabidhiwa langu jioni, kwenye sengu, pale familia zote za ukoo zinapoleta chakula kwa Babu na kula pamoja. Baada ya kunawa mikono, Bibi akalitoa nyuma ya mlango akaniwekea mapajani mbele ya shangazi zangu wote. Hakuhutubia. Alisema, "Hili lina njaa kuliko wewe. Usililaze njaa." Shangazi mmoja akanitania, "Haya, tumekwishapata mke mwenzetu shambani." Nilijiona nimekuwa mrefu kuliko nyumba. Usiku nililala nalo pembeni ya mkeka, na asubuhi Babu akauliza kama limekoroma.

Hata baada ya hapo lilikuwa na maisha. Lilipokuwa dogo mno hata kwa mtoto, tulilishusha ziwani ndani ya kikapu cha maharage, kwa shangazi aliyeolewa huko ufukweni. Jirani yake alikuwa mhunzi. Nilikwenda mara moja, likizo, tukiteremka kwa miguu mpaka masikio yakaziba na joto likatupokea. Nikamwona yule mhunzi ameketi chini akipuliza moto kwa mifuo yake ya ngozi ya mbuzi, chuma cha Bibi kimekuwa chekundu ndani ya makaa, na kilipotoka kilikuwa kisu cha kupasulia samaki. Shangazi alikitumia siku hiyohiyo. Kwa hiyo kuna samaki nimewala maishani mwangu waliopasuliwa na jembe lililolima ngoro kabla sijazaliwa.

Usije ukadhani ninakudanganya kwamba zamani ilikuwa peponi. Nilikuwepo. Tulifua kwa majivu ya maganda ya maharage kwa sababu sabuni haikuwepo. Nilikwenda kupokea Komunyo ya Kwanza na gauni la binamu yangu lililokwishavaliwa na binamu wengine. Majembe yenyewe yalikuja kwa msimu, wakati mwingine hayakuja. Mama mkwe wangu, ninayeishi naye sasa, akinisikia ninalalamika ananiambia, "Mwanangu, wewe hujajifunga gunia kwa kukosa khanga. Mimi nimejifunga. Acha vitu vije." Namheshimu, na ana haki. Ndoo ya plastiki niliipokea kwa mikono miwili, na anayenitaka nirudi kupanda mlima na mtungi kichwani aje aubebe yeye.

Miaka ya ruksa, ya kuachia bidhaa za nje ziingie, ilipoanza mimi nilikuwa shule. Malori yalikuja, mabelo ya mitumba yakafunguliwa sokoni, maduka yakajaa mpaka barazani, na tulifurahi, kwa nini tusifurahi? Mwalimu wetu wa siasa, mtu wa pwani aliyepangiwa kwetu na akawa analalamikia baridi mwaka mzima, alitufundisha kujitegemea kidato cha kwanza. Tulipofika kidato cha nne alitufundisha soko huria. Sweta lilelile. Nilinyoosha mkono nikamwuliza, "Mwalimu, sasa kile kiwanda cha majembe kitashindanaje?" Akasema kizuri kitabaki, kibaya kitaondoka chenyewe. Nikaandika hivyo kwenye mtihani nikapata vema.

Basi kizuri ndicho kilichoondoka. Tulisikia kiwanda kimepunguza watu. Kisha tukasikia kinatafutiwa mwenyewe. Kisha hatukusikia kitu, tukaona tu kwamba jembe la kugonga halipo, na duka la ushirika limekuwa ghala la mtu. Mhunzi wa ziwani naye, shangazi anasema, ameacha. Hana chuma. Hivi vyekundu akivitia motoni vinapasuka, na hakuna tena majembe yaliyochoka yanayoshuka kutoka mlimani.

Hayapo kwa sababu hayaishi mpaka yachoke. Hili ndilo nililoligundua juu ya magunia ya mbolea. Majembe haya yanakatika yakiwa bado mapana, bado mekundu, yule mkulima wa karatasi bado anacheka. Nimevunja manne tangu niolewe. Hakuna hata moja lililopungua likafika ukubwa wa binti yangu. Atakua, atafika kimo nilichokuwa nacho jioni ile kwenye sengu, nami nitatafuta nyuma ya mlango nimpe nini? Vipande? Ananiambia nani kwamba hiki ni kitu cha bei rahisi, wakati kila msimu ninanunua upya kile ambacho Bibi alikinunua mara moja akakirithisha?

Mume wangu alisema tuazime jembe kwa jirani tumalize ngoro, mvua hazisubiri. Tuliazima, tukamaliza, maharage yakaingia ardhini. Alidhani yameisha. Siku ya pili yake nikavaa gauni la kanisani, nikambeba mtoto, nikaenda tena Mbinga, safari hii ofisini kwa afisa biashara wa wilaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leseni?"

"Hapana. Malalamiko. Ya jembe."

Akaweka kalamu chini. Akasema tangu ahamishiwe huku hajapokea malalamiko ya jembe, akaniuliza namlalamikia nani hasa: muuzaji, kiwanda cha huko nje, au serikali iliyofungua milango. Nikamwambia wote.

"Mama, barua inaandikwa kwa mmoja."

"Basi ninakuandikia wewe."

Akanipa karatasi, nadhani akitumaini nitashindwa. Nilikaa kwenye benchi la nje, mtoto ananyonya, nikaandika kama tulivyofundishwa. Nakala ninayo. Hii hapa.

*

Kwa Afisa Biashara wa Wilaya,
Mbinga.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAJEMBE YASIYOFAA KULIMIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima, mkazi wa Litembo. Ninalalamika kwamba katika mji huu yanauzwa majembe kutoka nje ambayo yanakatika yakiwa mapya. Langu lilikatika shambani na bamba lilimkosa mtoto wangu kidogo sana. Nilipolirudisha, muuzaji alinieleza mbele ya mashahidi kwamba halikuwa la kulimia. Wakati wa kuniuzia hakunieleza hivyo.

Nimeambiwa pia kwamba sikulazimishwa. Ninapenda kuieleza ofisi yako kuwa mtu anayekuta aina moja tu katika maduka yote amelazimishwa.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo. Majembe yasiyoweza kuingia ngoro yaondolewe madukani. Mnunuzi aruhusiwe kugonga jembe kabla ya kulipa, rangi itoke isitoke. Na majembe yanayotengenezwa hapa nchini yatafutwe yaliko yaletwe Mbinga, yakae rafu moja na haya mengine, ili tuchague sisi wenye viuno.

Sitakiacha kielelezo, yaani jembe lenyewe lililokatika, ofisini kwako, kwa sababu vitu vya ofisini hupotea. Ukitaka kufanya uchunguzi, njoo shambani kwangu Litembo. Njoo asubuhi, na upitie dukani kwanza ununue jembe lako jekundu, nitakuonyesha pa kuanzia.

Ninasubiri jibu kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama na mkulima, Litembo.