Shangazi Mgongoni, Ghuba ya Msasani

Haya nayaandika mwenyewe, aibu na yote, kabla Rehema hajawafikia na toleo lake, maana yeye huongezaga chumvi (kana kwamba siku ile hatukuimeza ya kutosha).

Jumapili hiyo nilikuwa nakaguliwa. Rehema ni Mzaramo, mie Mnyamwezi wa Madale, na kwao posa haipokelewi mpaka shangazi yao mkubwa, Bi Mwanahawa, amwone kijana na kuridhika. Akiguna tu, umekwisha. Nikaona badala ya kukaa sebuleni kama mtuhumiwa, niwapeleke ufukweni, Ghuba ya Msasani, na sufuria ya pilau.

Tukakuta watu wote wamebanana juu, kwenye mivinje, na huku chini mchanga umelala mtupu hadi mbali. Mie nikauliza, kama kawaida yangu: kwa nini? Nani kaamua? Nikatoa nadharia (chuo kilinipa nyingi, kazi bado) kwamba upande huu zamani ulikuwa uzunguni, mtu mweusi akija ni mtumishi, na woga ule umebaki miguuni mwetu, ndiyo maana mpaka leo tunakaa pembeni mwa ghuba yetu wenyewe.

“Haya msomi, twende,” akasema Shangazi, mtu wa Kisarawe, bahari anaionaga sikukuu. “Nina njaa.”

Tukavuka kibonde kikavu, tukatandika mkeka juu ya fungu la mchanga, na kwa kweli ilikuwa raha, upepo mwanana, Shangazi anacheka, mie katika maelezo yangu nimefika kwenye meli za kale zilizotia nanga hapa, ndipo Rehema akasema taratibu, “Kandambili yangu inaondoka.”

Nikageuka. Maji yalikuwa yanajaa, na kile kibonde sasa kilikuwa mto.

“Humo mimi sitii mguu,” Shangazi akatangaza. “Sijui kuogelea.”

“Basi… panda mgongoni, Shangazi.”

(Fikirieni. Kumbeba mgongoni shangazi wa mchumba, kabla hata ya posa!) Akapanda. Rehema akajitwika sufuria, tukaingia, maji mapajani, na kule kwenye mivinje watu wote wakasimama na simu zao.

“Twende, Mnyamwezi!” Shangazi akapaza sauti ufukwe mzima usikie. “Babu zako walileta pembe za ndovu kwa miguu toka Tabora, wewe mtani unashindwa na mwanamke mmoja?”

“Pembe zilikuwa hazisemi, Shangazi!”

Umati ukaangua kicheko, mie nikavimba kichwa, nikaongeza mwendo, nikakanyaga shimo. Tukazama wote wawili. Nilipoibuka nimekumbatia miguu yake, kilemba chake kilikuwa kinaelea kuelekea Zanzibar. Nikajua nimemkosa Rehema.

Shangazi akatema maji. Akanitazama. Kisha akacheka mpaka akakaa chini, mawimbi yakimpiga kifuani, na Rehema akacheka huku kashikilia sufuria kichwani, na watu wa juu wakateremka kutuvuta, wakala na pilau yetu.

Jioni nyumbani kwao Kinondoni, nimevaa msuli wa kuazima, nikamsikia Shangazi akiwatolea wenzake hukumu: “Kaniangusha, ndiyo. Lakini hata chini ya maji hakuniachia. Wazee wake waje.”

Maswali sitaacha kuuliza. Ila nimeapa, tena kwa msisitizo, nitayauliza nikiwa pakavu.