Mama Levi Alivyomsamehe Zakaria

Huko Chara wenye mitumbwi walikuwa wamemzoea Zakaria. Alichukua mtumbwi wa yeyote, akavuka nao kwenda kutega samaki, kisha akauacha ng'ambo. Alishafungwa mara mbili kwa hilo, miezi michache tu. Christabel, mjane anayelima mpunga ng'ambo ya mto, yeye alimfokea tu.

"Mtumbwi wako ulikuwa umelala, Mama Levi. Nimeutembeza kidogo."

"Katembeze ulimi wako!"

Lakini mwaka jana, wakati wa mavuno, Christabel aliamka akakuta mtumbwi wake haupo. Alipopata wa kumvusha, ndege walikuwa wameumaliza mpunga. Kwa hasira akaenda polisi Garsen. Alitaka Zakaria atiwe hofu, basi. Kwa Wapokomo, mbele ya wazee wa gasa, baraza lao la kimila, aliyekosewa akitamka kwamba amesamehe, mkosaji hutoa kuku, watu wakala, shauri likaisha. Aliamini mahakamani nako ni hivyo. Siku ya hukumu alimpitia Josephine, mama yake Zakaria, ambaye haoni tena.

"Bandika sufuria, mama. Leo anarudi."

Nje ya mahakama aliketi na Jibril, mfugaji wa Kiorma aliyekuja kwa kesi ya ng'ombe.

"Ndugu yangu yuko Norwe," Jibril akamwambia. "Huko mwizi wa baiskeli huulizwa kwanza alikuwa anakwenda wapi."

"Basi wampeleke huyu wetu huko!" Christabel akacheka.

Ndani alisimama, akasema amesamehe. Hakimu alimsikiliza kwa upole, kisha akasema kesi ni ya Jamhuri, si yake, na kwamba vifungo vifupi havikumfunza mtu huyu kitu. Miaka mitatu.

Zakaria akamgeukia. "Mama Levi, waambie tena. Hawakusikia."

Akawaambia tena, kwa sauti, mpaka askari akamkalisha.

Nyumba ya Josephine iko ukingoni kabisa. Sasa kila alfajiri Christabel hupiga kafi polepole, lisigonge ubavu wa mtumbwi. Hata hivyo Josephine humsikia.

"Christabel?"

"Naam, mama."

"Umemsamehe kwa moyo?"

"Nimemsamehe, mama."

"Hapana. Ungemsamehe, angekuwa hapa."

Christabel huinua kafi kutoka majini, akaacha mto umchukue hadi sauti ile isimfikie. Siku nyingine hupitishwa mbali sana na shamba lake.