Mstari wa Nukta

Fundi umeme wetu tulimwita Chaki, kwa sababu hukumwona bila kipande cha chaki nyuma ya sikio. Mtu mwembamba, mpole, ukucha wa dole gumba la kushoto umekufa zamani kwa nyundo. Nyumba yetu ilikuwa bado matofali matupu, vumbi hadi vifundoni, lakini yeye alivua viatu mlangoni. Nilipomwambia avae tu, alisema, "Nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu, mama. Iwe imevaa, iwe iko uchi."

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Hakuniuliza nataka soketi ngapi. Alinisimamisha katikati ya chumba, mwanangu mgongoni, akasema, "Haya, amka."

"Niamke vipi?"

"Kama unavyoamka siku zote. Mtoto analia, giza totoro. Mkono unakwenda wapi?"

Niliona haya kuigiza mbele ya mwanamume nisiyemjua, lakini mkono ukaenda wenyewe ukutani. Papo hapo akaweka alama ya swichi. Tukaingia jikoni, nikapika chakula cha hewa. Tukaingia bafuni, nikafua nguo zisizokuwepo, naye akachora mahali bomba la maji litokee ili nisiiname na mtoto. Mama mkwe, aliyekalia ndoo iliyopinduliwa, alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Mwanangu, hiyo mboga chumvi imezidi!"

Kisha Chaki akatandaza ramani juu ya mifuko ya saruji. Baba mtoto alikuwa kazini mbali. Kazi yake ni ya kompyuta, na mkubwa wake alishamkubalia kuifanyia nyumbani, ila mpaka laini ya intaneti ifike. Mwanetu alikuwa na miezi minane, na uso wa baba yake aliujua kwenye simu kuliko mahali pengine popote. Watu wa intaneti walituambia watakuja Jumatatu. Mtaa wetu hawapitishi waya juu. Wakikuta bomba chini ya ardhi wanaingiza waya, wasipolikuta wanaondoka, na foleni yao ni ya miezi.

"Huu mwekundu ni umeme," Chaki alianza. "Wa buluu ni maji." Hapo mtoto akaanza kulia. Nikawa namtikisa huku naitikia ndiyo, ndiyo, na yaliyofuata sikuyasikia. Nikasikia mwisho tu: "Nina kazi ya watu siku mbili. Mwashi asimwage zege uani mpaka kila mstari uwe na bomba lake. Tumeelewana?"

Ningeweza kusema, rudia. Kusema rudia hakuvunji mfupa. Lakini mimi niliishia darasa la saba, na mbele ya karatasi za waliosoma ulimi wangu hulala. "Tumeelewana," nikasema.

Ijumaa asubuhi mwashi akaja, zege limeshachanganywa. "Dada, nimwage? Zege halisubiri mtu."

Nikaikunjua ramani. Mstari mwekundu, bomba lipo. Wa buluu, bomba lipo. Ukabaki wa tatu, wa nukta nukta, unatoka barabarani mpaka sebuleni. Nilipomaliza shule jirani yetu alinifundisha kushona, na kwenye karatasi za kukatia nguo mstari wa nukta ni pa kukunja, si pa kukata. Basi nikaikunja ramani pale pale kwenye nukta. Ikakunjika vizuri kabisa. Nikajiona nimesoma.

"Mwaga," nikasema.

Jumamosi Chaki alifika na bomba jeusi limeviringwa begani. Akasimama getini. Uani palikuwa peupe, pametandazwa laini kama shuka mpya. Alilishusha bomba polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Bahati mbaya simu ya baba mtoto ikaingia wakati ule ule, na mama mkwe ndiye aliyeipokea, kwa sauti ya nje kama kawaida yake. Akamweleza. Mume wangu akafoka mpaka simu ikakwaruza.

"Fundi gani huyu asiyejua zege linakuja lini? Na kaka yangu nilimwambia ampe kazi ya nyumba yake! Fundi, unanisikia?"

"Nakusikia, bosi," Chaki alisema. "Kosa langu. Sikumwelekeza mwashi."

"Mafundi wa siku hizi," mama mkwe akadakia, "maneno marefu kuliko waya!"

Chaki akatabasamu kidogo, akitazama chini. Nami? Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilikaza kanga iliyombeba mtoto, ambayo haikuwa imelegea. Nilisema moyoni, atakapokata simu nitasema. Alipokata nikasema moyoni, mama mkwe akiingia ndani nitasema. Mama mkwe akaingia ndani, nami nikamfuata.

Usiku ule sikulala, na mtoto hakulia hata mara moja.

Jumapili Chaki alirudi na nyundo na tindo. Siku yake ya kupumzika. Akavua viatu hata pale uani, akaanza kupasua mfereji wa upana wa vidole vinne. Kila nyundo ilipogonga niliisikia kwenye meno. Nikampelekea chai. Akanyoosha mkono sikioni, akatoa chaki.

"Mama, nichoree hapo mbele. Macho yangu yamejaa vumbi."

Nikachuchumaa, na mkono wangu, wallahi sikuutuma, ukachora nukta nukta. Nikaanza kulia. Nikamwambia yote: mtoto, ndiyo ndiyo, karatasi za kushonea, nilivyoikunja ramani.

Aliweka nyundo chini. Nikangoja hasira. Akacheka, akacheka mpaka akakaa kitako juu ya zege. "Pa kukunja! Miaka yote nachora nukta, na sijamwuliza hata mtu mmoja yeye anaona nini." Kisha akaiokota nyundo. "Nilijua ni wewe, mama. Mwashi aliniambia jana."

"Mbona hukusema?"

"Mimi naondoka. Wewe unabaki humu."

Nikasimama, nikaingia ndani, nikaomba simu. Mama mkwe alikuwa dirishani, alishasikia. Hakunitania. Nikapiga kwa sauti ya nje, kama alivyofanya yeye.

"Baba mtoto, niliyesema limwagwe ni mimi. Fundi hana kosa. Sikuielewa ramani nikaona aibu kuuliza."

"Ungesema jana, mama mtoto. Kaka nilishampigia jana hiyo hiyo, nikamwambia atafute fundi mwingine."

Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda kwa shemeji kwa miguu. Alinisikiliza vizuri, akanikaribisha maji. Lakini fundi mwingine alikuwa ndani, tayari anatoboa kuta. "Sasa nimfukuze nimwambieje, shemeji?"

Niliporudi Chaki alikuwa ameshalaza bomba na kulifukia. Nikamwambia. Alipangusa vumbi kwenye kope, akasema nyumba ni nyingi, akavaa viatu vyake getini. Tangu hapo nimemwona mara mbili, kwa mbali. Mara zote ameniamkia yeye kwanza.

Jumatatu waya uliingia. Baba mtoto yupo nyumbani sasa, na mtoto ameacha kuibusu simu. Uani zege la mfereji lilikauka na rangi nyingine, mstari mweusi kutoka getini hadi sebuleni. Wageni wakiuliza, mama mkwe hunitazama, akaniachia nijibu mwenyewe. Nami hujibu.